Mama Maabara na Mstari wa Kijani

Kuna watu wanaoweza kukuudhi miaka minne mfululizo bila kupaza sauti hata siku moja. Mama Maabara alikuwa mtu wa aina hiyo. Hakunipiga, hakunitukana, hakunishtaki kwa mwalimu mkuu. Aliniuliza tu. Ukimpelekea swali, anakuuliza. Ukimpelekea jibu, anakuuliza zaidi. Ukimwamkia "Shikamoo, madam," anaitikia "Marahaba," kisha anataka kujua kwa nini mkono wako wa kushoto una wino na wewe unaandika kwa wa kulia. Naandika haya katika likizo hii ndefu ya kungoja matokeo ya kidato cha nne, na nayaandika sasa kwa makusudi, maana najijua. Hasira yangu ikipoa nitaanza kumsifu, na sitaki kumsifu kabla sijasema yote.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa watu gani. Hakusema, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Tulijua tu kwamba hakuwa mwalimu. Walimu wa Fizikia walikuja wakaenda, watatu katika miaka yangu minne, naye akabaki: mwenye funguo, mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai, mwenye kazi ya kuandaa vifaa vya majaribio na kuviosha baada yetu. Shule yetu ni ya kutwa, iko Buruburu, na ina maabara moja tu kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyemkwepa. Mbele yake tulimwita madam. Akigeuka, Mama Maabara.

Ukutani, juu ya ubao wa maabara, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zisizolingana: UTUPU KWANZA. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake. Kabla hujapima chumvi, pima sahani tupu. Kabla hujapima rangi ya dawa ndani ya maji, pima maji matupu. "Chombo kina uzito wake," alikuwa akisema, "na jicho lako lina uchovu wake. Usiponiambia ulianza na nini, usiniambie ulimaliza na nini." Alisema hivyo hata kwa mambo yasiyohusu. Siku moja msichana wa darasa letu alilia maabara kwa sababu amegombana na rafiki yake. Mama Maabara akavuta stuli, akakaa karibu naye, sote tukadhani atambembeleza. Akamwuliza, "Kabla ya leo mlikuwa mnapendana kiasi gani?"

Halima, jirani yangu wa dawati, alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Baba yake anauza mashuka na blanketi kwa jumla, na yeye mwenyewe ana mdomo wa dukani. Angeweza kukuuzia shuka lako mwenyewe. "Wallahi huyu akifufuliwa," akaninong'oneza, "atamkamata malaika wa mizani. Wewe, umepima sahani tupu?"

Mimi sikucheka kwa sauti. Mimi sifanyi kitu kwa sauti. Shuleni waliniita Bila Kredo, ati kama simu isiyo na salio, sina kredo ya kuongea, na jina hilo lilinikaa kwa sababu sikuwahi kulipinga. Ningelipinga kwa maneno gani?

Halafu kulikuwa na Kitabu cha Vilivyovunjika. Kila maabara ina daftari la vifaa vilivyovunjika, lakini la kwake lilikuwa na mambo yake. Lilikuwa na jalada gumu jeusi, na kurasa alizozichora safu mwenyewe kwa rula: Kilichovunjika. Aliyevunja. Alikuwa anawaza nini. Shahidi. Safu ya tatu ndiyo iliyotutesa. Hukuruhusiwa kuandika "bahati mbaya". Hukuruhusiwa kuandika "sikuwa nawaza kitu". Utasimama pale mpaka ukumbuke. Kijana mmoja alivunja neli ya majaribio akaandika kwamba alikuwa anawaza chapati. Mama Maabara akasoma, akasema, "Sahihi. Chapati ya wapi? Andika kamili." Halima alipovunja bika, kile chombo cha kioo cha kupimia, aliandika kwa ujeuri kwamba alikuwa anawaza kama nywele za madam ni zake. Mama Maabara akaweka sahihi yake kwenye safu ya shahidi, akamrudishia kalamu. "Ni zangu. Ongeza hilo, usiache swali bila jibu."

Mimi nilivunja kipimajoto katika kidato cha kwanza. Niliandika: "Nilikuwa nawaza nisiitwe kusoma." Alizoea kusoma kwa sauti. Langu alilisoma kimya, akatia sahihi, akafunga kitabu. Sijui kwa nini hata hilo liliniudhi.

Katika kitabu hicho mlikuwa na majina ya wanafunzi wa miaka mingi, na ya walimu wawili. Lake halikuwemo. "Mikono yangu haivunji," alituambia, bila majivuno, kama mtu anayekwambia namba ya kiatu chake.

Lakini alikuwa na mapungufu chungu nzima. Alipiga marufuku chakula maabara, na kila saa nne alichemsha chai yake ndani ya bika, juu ya kichomeo kilekile tulichochomea salfa. Alitukemea tukikosea nukta ya desimali, na saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama saa nne kasorobo tangu siku nilipomjua. "Kengele ya shule inatosha," alisema tukimwuliza. Alipenda mambo ya angani kuliko mtu yeyote niliyemwona, na hakuwa mtu wa kutazama juu. Nilimwuliza mara moja, kwa sauti yangu ya chini, kama amewahi kukaa tu akautazama mwezi.

"Wa nini?" akasema. "Nina mistari yake."

Hapo inabidi nieleze. Ndani ya mlango wa kabati la kemikali alikuwa amebandika karatasi, na tulipoziona mara ya kwanza tulidhani zitakuwa picha za nyota na mawingu ya rangi kama zile za kwenye simu. Hapana. Zilikuwa tepe nyembamba za rangi zenye mistari, na michoro ya milima na mabonde isiyo na uzuri wowote. Zilikuwa kazi za spektrografu, kile kifaa kinachofungwa ndani ya darubini za angani ili kuitandaza nuru, rangi moja moja, kama mama anavyotandaza mboga kwenye sinia atafute mawe.

"Madam, si watu walipiga picha nzuri zaidi?" Halima alimwuliza.

"Picha inakuonyesha kwamba kitu kipo. Mimi nataka kujua kimeumbwa na nini, kina joto gani, kinakuja ama kinaenda zake." Akachovya waya kwenye chumvi, akauweka motoni, mwale ukawa wa manjano. "Chumvi ya jikoni kwenu ikiungua huacha mstari mahali pake, hapa. Hiyohiyo ikiwa upande wa pili wa mbingu, mstari ni uleule. Ukiukuta umesogea kuelekea rangi nyekundu, basi kitu hicho kinaachana nasi. Kila kitu kinatia sahihi. Hakuna cha kudanganya."

Nakiri nilimpenda siku hiyo, kwa dakika kama kumi. Alieleza kwamba kuna vitu huko mbali vilivyo hafifu kiasi kwamba nuru yake inafika kama matone ya mfereji siku ya mgao wa maji. Darubini haina haraka. Inakinga ndoo yake, inakaa saa nyingi ikitazama kitu kimoja, mpaka yale matone yatoshe kutandazwa. Inapelekwa juu kwa sababu hewa yetu yenyewe inang'aa kidogo na kumeza rangi nyingine njiani. Na zile zinazotafuta nuru ya joto hukingwa jua kwa pazia kubwa ziwe baridi sana, maana darubini yenye joto itajiona yenyewe. "Sasa fikiria," akasema, "ndoo yako ilikuwa na maji kidogo tangu asubuhi, na hukuangalia. Utajuaje tone lipi ni la mfereji?"

"Utupu kwanza," darasa likaitikia kwa uchovu.

"Utupu kwanza."

Katika kidato cha tatu akatuchagua mimi na Halima kwa mashindano ya sayansi. Halima nilielewa. Mimi nilimwuliza kwa nini, akaniuliza ninaishi wapi. Nikasema mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba. Akauliza ninaona nini dirishani. Nikasema ukuta, na katikati ya ukuta wetu na wa jirani, ukijipinda, kipande cha mbingu chembamba hivi. "Basi umezoea mwanya," akasema, na hakufafanua tena. Spektrografu huanza na mwanya mwembamba, unaofungia nje nuru ya majirani. Nilikuja kuelewa baada ya wiki mbili. Angeweza kuniambia.

Tulipaswa kutengeneza spektrografu yetu: sanduku, mwanya upande mmoja, kipande cha sidii kuukuu cha kutandaza nuru upande wa pili, na simu ya Halima ya kupiga picha, jicho lake likiachwa wazi nusu dakika. Sanduku alilitengeneza Baba. Baba ni mchongaji, anachonga vinyago vya wanyama vya kuuzia wageni. Alichukua vipande vya mjakaranda vilivyobaki, akaviunganisha vizuri, akachanja ndani vialama kama vya rula ili tujue kila mstari umeangukia wapi. Mama Maabara akalitazama, akasema mwanya ni mpana. Baba akaurekebisha. Akasema haujanyooka. Mara nne sanduku lilikwenda na kurudi.

"Miaka ishirini nachonga twiga," Baba akasema, "leo natumwa kuchonga ufa. Mwambie huyo mwalimu wako aje achonge mwenyewe."

"Si mwalimu, Baba."

"Kumbe ndiyo shida."

Mpango ulikuwa kuonyesha jinsi darubini za angani zinavyochunguza vitu hafifu, kwa kutumia mwezi kama mfano wetu. Tungepiga juu ya paa la ploti yetu, lile jengo la kupanga tunamoishi, mahali watu wanapoanika nguo. Mama Maabara alikuja mpaka langoni, akainua macho akahesabu ngazi kwa mbali, akashika goti. "Mimi ni mtu wa chini," akasema, akatupa fomu ya kujaza, akakaa kwenye benchi la mama wa mboga kutusubiri. Fomu aliichora mwenyewe. Ilikuwa na safu tatu: Kitu. Utupu. Kipimo.

Giza lilipoingia mwezi ulikuwa bado nyuma ya matangi ya maji ya jengo la pili. Tukafuata kanuni. Tukalielekeza sanduku kwenye mbingu tupu, tukapiga utupu wetu, tukaandika. Halafu tukangoja mwezi utoke, Halima akinisimulia harusi ya binamu yake yote, pamoja na nani alinuna. Mwezi ulipotoka tukaupiga mara sita. Ulipotandazwa ukatoa utepe wa rangi kama wa jua, kama tulivyotarajia, kwa sababu mwezi unarudisha tu nuru ya jua. Lakini kwenye alama ya kumi na saba kulikuwa na mstari wa kijani, mkali, umesimama kama kijiti. Kwenye picha ya utupu haukuwepo.

Tulishuka mbio. Mama Maabara akaitazama simu chini ya taa ya mama wa mboga. Akavua miwani, akaivaa, akavua tena. "Utupu mlipima?"

"Tulipima, madam."

"Kwanza?"

"Kwanza kabisa."

Uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona: ukawa wa mtoto. "Sijui hiki ni nini," akasema polepole, na alilisema neno sijui kana kwamba amepewa zawadi. Hakuuliza kingine. Mtu aliyeniuliza kuhusu wino wa mkono wa kushoto, usiku ule hakuuliza kitu.

Tuliuita mradi Mstari wa Kijani wa Mwezi. Katika maelezo aliandika "labda" mara tatu: labda mchanga wa mwezi, labda mwako fulani, labda. Tukashinda raundi ya kwanza. Halima alizungumza, mimi nikashika sanduku, na majaji wakapiga makofi. Raundi ya pili ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na waliotangulia walisema tukipita hapo tutakwenda ya kitaifa. Baba yake Halima alikuwa ameshautangazia mtaa mzima. Na mimi, sitadanganya hapa, nililipenda jambo hilo kuliko Halima. Kwa mara ya kwanza watu ambao hawakuwa wa darasa letu waliniita kwa jina langu. Wiki nzima hakuna aliyesema Bila Kredo.

Jumamosi jioni Mama akanituma juu kuanua nguo. Sanduku nililibeba kwa sababu nililibeba kila mahali siku zile. Nilipokuwa natoa vibanio, mwangalizi wa ploti akapanda, akabonyeza swichi pale kwenye mlango wa ngazi, na taa ya mrija ikapepesa ikawaka. Aliiwasha kila jioni, wanawake wakirudi kazini waone nguo zao. Pipeline ina taa kila upande. Taa moja zaidi huioni. Ila shuka letu jeupe, lililokuwa bado kwenye kamba mbele yangu, likageuka weupe mwingine. Nikaliinua sanduku nikaulenga ule mrija, nikachungulia kwa jicho langu mwenyewe. Alama ya kumi na saba. Kijiti cha kijani.

Nilimwomba mwangalizi azime. Mstari ukatoweka. Nikamwomba awashe. Ukarudi. Mara ya tatu akaniuliza, "Msichana, stima ni ya mama yako?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulipima utupu, ndiyo. Tuliupima kabla taa haijawashwa. Mwezi tuliupiga baada ya kuwashwa, shuka la mtu likitumulikia. Mstari wa kijani wa mwezi ulikuwa mstari wa kamba za nguo.

Jumatatu nilifika shule kabla ya kengele. Mama Maabara alikuwa anaosha bika. Nilisema kwa pumzi moja: "Madam, ule mstari ni wa taa ya ngazi."

Akafunga mfereji. "Umepima mara ngapi?"

"Mara tatu. Ikizimwa haupo, ikiwashwa upo."

"Na utupu mlipima."

"Tulipima kabla mwangalizi hajaiwasha."

Akakaa. Akainua macho kwenye maandishi yake mekundu ukutani, akayatazama muda mrefu. Halafu akaenda kwenye kabati kuchukua majani ya chai, kama vile siku ni ya kawaida, na mlango ulipofunguka nikasimama mbele ya zile karatasi. Moja ilikuwa ya vidirisha. Nilikuwa nimeiona miaka mitatu bila kuisoma. Ilieleza kwamba spektrografu moja ya angani ina maelfu ya vidirisha vidogo, upana wa kila kimoja kama wa nywele chache, na kwamba ikitaka kuchunguza kitu hafifu inafungua kimoja juu ya kitu chenyewe na vingine juu ya mbingu tupu iliyo kando yake. Kwa pamoja. Dakika ileile. Darubini haisemi utupu kwanza. Darubini inapima utupu na kitu bega kwa bega, kwa sababu utupu nao hubadilika.

Niliweka kidole juu ya mstari huo. Yeye akasoma, au pengine alikuwa anajua lililoandikwa, maana ni yeye aliyeibandika karatasi.

Nilingoja neno moja. "Nilikosea." Silabi tano tu.

"Ijumaa utasema wewe," akasema.

"Halima ndiye msemaji, madam."

"Halima hakuiona taa."

Nilitoka nikiwa nimekasirika hata nikasahau kuwa mwoga. Halima nilimkuta darasani, nikamweleza, naye akanitolea macho. "Sasa leo ndiyo umenunua kredo? Miaka mitatu kimya, leo ndiyo unataka kutuzika? Nani atajua? Hao majaji watapanda Pipeline ghorofa ya saba kuangalia shuka?"

Na mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo Jumapili nzima, kanisani na yote. Nikampa sanduku, nikamwelekeza kwenye mrija wa darasani. Akachungulia.

"Aki," akasema. "Na hapa upo." Akageuka akalielekeza kwenye mrija wa pili. "Hapa pia. Yaani mwezi wetu uko kila darasa." Akacheka, halafu akafuta macho kwa upindo wa hijabu. "Baba yangu nitamwambiaje sasa?"

Ijumaa Halima alifungua kwa salamu, kisha akapiga hatua nyuma, jambo ambalo halijawahi kutokea katika maisha yake. Nilisema. Niliusemesha mguu wa meza, lakini nilisema: tuliona nini, tulidhani nini, taa ilikuwa wapi, na kosa liliingilia wapi. Kisha nikaeleza vidirisha. Jaji mmoja, mzee mwenye miwani ya kamba, akainama mbele. "Nani aliwafundisha kupima utupu mara moja tu, tena kabla?"

Mama Maabara alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, kiondo mapajani. Nikamtazama. Ukumbi mzima ungeweza kuona namtazama. Yeye akainamia kiondo akapekua ndani yake, kama mtu aliyepoteza shilingi.

"Ni sisi wenyewe, mwalimu," nikasema.

Hatukupita. Tulipewa cheti cha kushiriki, ambacho baba yake Halima alikitundika dukani juu ya mashuka kana kwamba ni cha ubingwa. Tukirudi, Mama Maabara alitununulia mahindi ya kuchoma, akaniambia, "Sauti yako ilifika mpaka mlangoni." Nilitaka kumtupia gunzi.

Mwaka mzima wa kidato cha nne nilimpa shikamoo na si zaidi. Siku ya mtihani wa vitendo nilikuta meza yangu ina kipimajoto kipya kabisa, cha pekee maabara nzima. Nilikitumia. Sikumshukuru.

Mwezi uliopita Halima akaniletea ujumbe: Mama Maabara amestaafu, anaishi Makongeni kwenye zile nyumba za reli, anaomba nimpelekee sanduku la Baba alione tena. Sikutaka kwenda. Baba akanisukuma. "Nenda. Nataka kujua kama ule ufa bado ni mpana."

Chumba chake kilikuwa kidogo na safi mno. Chai ilikuwa inachemka ndani ya bika, na hakuwa na koti jeupe, kwa hiyo alionekana mfupi. Alilishika sanduku, akachungulia dirishani, akasema, "Umenyooka." Hakusema zaidi kuhusu kazi ya Baba, lakini alipitisha kidole kwenye mjakaranda mara mbili. Kisha akavuta kutoka chini ya kitanda lile jalada jeusi. Shule imenunua jipya, akasema, hili wamemwachia.

Alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi akanigeuzia.

Kilichovunjika: kanuni ya ukutani. Aliyevunja: hapo palikuwa na jina lake kamili, ambalo sitaliandika. Alikuwa anawaza nini: "Nilikuwa nawaza kwamba hatimaye nimeona kitu ambacho hakuna mtu amekiona." Safu ya shahidi ilikuwa tupu. Nikaangalia tarehe. Nikaiangalia tena.

"Hii ni Jumatatu ile," nikasema.

"Ndiyo."

"Kabla ya mashindano."

"Siku nne kabla."

"Na Ijumaa ukakaa pale mlangoni."

"Nikakaa."

Nilingoja swali lake, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne halikuja. Bika lilichemka mpaka likamwaga povu mezani, wala hakulizima.

"Niliona haya," akasema. Na hapo hapo, kwa sababu hakuna dawa ya mtu huyu, akauliza: "Wewe ukiona haya hufanya nini?"

"Nanyamaza, madam."

"Basi."

Nilikuwa nimekwenda na hotuba nzima kichwani. Ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeitunga mwaka mmoja. Nikainama nikazima kichomeo, nikafuta meza. Akanipa kalamu, akanionyesha safu ya shahidi. Nikaandika jina langu, nikatia sahihi, nikamrudishia kitabu. Akakisogeza kwangu tena.

"Hujamaliza."

Pembeni, nje ya safu zake nne za zamani, alikuwa amechora ya tano kwa penseli. Juu yake aliandika: Saa.

"Saa ngapi sasa, madam?" nikauliza, na nikajua nimekosea kumwuliza kabla sijafunga mdomo. Akainua mkono wake kwa mazoea, akatazama. Sote wawili tukatazama. Saa nne kasorobo.

Nikatoa simu mfukoni, nikaandika: saa kumi na dakika ishirini na mbili. Akasogeza miwani, akasoma.

"Jioni?" akasema. "Andika kamili."